Waraka Mmoja, Kamati Nzima: Namna ya Kuandika Pamoja Bila Kununiana

Kila kamati ya harusi ina orodha ya michango, na orodha hiyo huzaliwa WhatsApp. Katibu anaandika kichwa cha orodha, anakizungushia nyota ili kikolee wino, anaweka namba 1 na jina lake, kisha anawaomba wengine waendeleze. Anayefuata ananakili ujumbe mzima, anaubandika na kuongeza namba 2. Mpaka namba 30 mambo ni shwari. Inafika saa mbili usiku, watu wameshakula na simu ziko mikononi. Shangazi wa Moshi ananakili orodha yenye watu 30. Dakika hiyohiyo kaka aliyeko Dodoma naye anainakili. Shangazi anajiandika namba 31, laki mbili. Kaka naye anajiandika namba 31, elfu hamsini. Ujumbe wa kaka ndio unaoingia mwisho. Anayekuja baada yao ananakili ujumbe wa mwisho, kama alivyofundishwa, na kuanzia hapo laki mbili za shangazi hazimo tena. Atagundua baada ya wiki mbili na hatasema neno kwenye kundi. Atamwambia mama wa bwana harusi.

Mwongozo huu umeandikwa kumwokoa shangazi. Utawafaa pia maofisa saba wanaoandika ripoti moja ya robo mwaka kwa kutumiana barua pepe, na kikundi cha kuweka na kukopa ambacho daftari lake hulala kwa mtu mmoja. Shabaha ni moja: waraka uwe mmoja, ukae mahali pamoja ambapo wote wanaufikia, na kila aliyeugusa ajulikane.

Mashine imeshatimiza wajibu wake

Tatizo la shangazi na kaka lilivaliwa njuga zamani. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alikaa mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu wa kompyuta na kufanya kazi kwenye maandishi yaleyale pamoja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kilomita zaidi ya 40 kutoka hapo. Katika onyesho hilohilo umati uliona kipanya kikifanya kazi. Wazo la watu wawili ndani ya waraka mmoja, kwa hiyo, lina umri mkubwa kuliko wajumbe wengi wa kamati.

Kilichosumbua ni ule mgongano wa namba 31. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walichapisha njia ya kuumaliza. Ellis ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta, mwaka 1969, na jina lake linastahili kujulikana kwetu kuliko linavyojulikana. Njia yao, kwa lugha ya kamati, ni hii: usitume orodha nzima, tuma kitendo tu. Shangazi anatuma "weka jina langu nafasi ya 31". Kaka anatuma hivyohivyo. Kitendo cha kaka kikifika na kukuta nafasi imeshakaliwa, kinasogezwa hadi 32. Hakuna aliyefutwa na hakuna aliyenuna.

Juu ya wazo hilo ndipo zilipojengwa programu tunazozitumia leo. Writely ilianza 2005, Google wakainunua Machi 2006, na mwaka huohuo wakatoa jedwali lao. Kufikia 2010 waandishi wa Google Docs walikuwa wakionana herufi kwa herufi. Microsoft walizindua Office 365 Juni 2011, na Word ya kwenye kompyuta ikawaruhusu watu kuonana papo hapo katika toleo la 2016. Waraka mmoja wa Google Docs unaweza kuhaririwa na watu 100 kwa wakati mmoja, na hata ukoo wenye wajomba wengi hauwezi kujaza nafasi hizo.

Basi siku hizi kitu kikipotea kwenye waraka wa pamoja, tafuta mkono wa mtu. Kazi iliyobaki ni ya kupanga watu, na hiyo hakuna programu itakayokufanyia.

Nani aandike, nani asome

Kabla hujatuma linki, gawa ruhusa. Ngazi ni tatu: mtazamaji anasoma tu, mtoa maoni anasoma na kuandika pembeni, mhariri anabadilisha. Makosa mengi huanzia kwenye ukarimu wa kumfanya kila mtu mhariri. Kwa kamati ya watu kumi na wawili, wahariri wawili wanatosha, mhazini na katibu. Wajumbe wawe watoa maoni. Ndugu na marafiki waliobaki wawe watazamaji, na wataangalia kweli, kwa sababu kila mtu anapenda kujua fulani ametoa ngapi.

Mwenyekiti atataka kuwa mhariri kwa kuwa ni mwenyekiti. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo mzee. Wewe ni wa kuidhinisha, kuandika tuachie sisi vijana." Ndivyo ilivyo, na atalipenda jibu hilo. Mzee ambaye hajazoea kioo cha simu hufuta mstari kwa kidole gumba wakati anasogeza ukurasa, kisha anaendelea na safari yake bila kujua kilichotokea.

Usiache linki wazi kwa yeyote aliyenayo, hasa linki ya kuhariri. Wanaoingia kwa linki ya namna hiyo bila kualikwa kwa anwani zao huonekana juu ya ukurasa kwa majina ya wanyama: duma, ngamia, kinyonga. Hao si virusi, ni binamu zako. Ubaya ni kwamba kinyonga akibadilisha ahadi ya mtu, historia ya waraka haitakupa jina lake, na kikao kizima kitakaa kukisia kinyonga ni nani.

Kwa hiyo kusanya anwani za Gmail mapema. Hapa uwe na subira. Watu wengi wana anwani hiyo bila kuijua, kwa sababu aliyeifungua ni kijana wa duka la simu siku simu iliponunuliwa. Mwelekeze mtu afungue mipangilio ya simu, aende kwenye akaunti, asome kilichoandikwa hapo, akutumie vilevile kilivyo, nukta na tarakimu zote. Usipofanya hivyo utapokea maombi ya ruhusa saa sita usiku kutoka kwa anwani usizozitambua, nawe utawakubalia wote ili ulale.

Waraka wa ofisi umilikiwe na akaunti ya ofisi. Ripoti ya mradi ikikaa kwenye akaunti binafsi ya ofisa aliyeajiriwa kwa mkataba, mkataba ukiisha ofisi itabaki inampigia simu kumwomba ripoti yake yenyewe. Na mtu akiondoka, akaunti yake ya kazi isifutwe kabla faili hazijahamishiwa kwa mwingine.

Jambo moja hapa sina mzaha nalo. Jedwali la michango lina majina, namba za simu na fedha za watu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria heshima inatosha kuwa sababu. Usijidanganye kwamba karatasi iliyofichwa ndani ya jedwali imefichika kweli. Agosti 2023 Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa kutoa jedwali lenye karatasi ya namna hiyo, na ndani yake mlikuwa na majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi wao wote, zaidi ya 9,000. Mwaka uliofuata walipigwa faini ya pauni 750,000. Kisichotakiwa kuonwa na watu kiondoe kabisa, au kiweke kwenye faili lake peke yake.

Jedwali la michango, hatua kwa hatua

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama, basi twende polepole.

Andika majina yote mapema, kila mtu na mstari wake, hata wale ambao hawajaahidi. Usimngoje mtu aje ajiandike mwenyewe. Jedwali lina udhaifu ambao waraka wa maandishi hauna: watu wawili wakiandika kwenye seli ileile kwa pamoja, atakayemaliza mwisho ndiye anayebaki. Kila mtu akiwa na mstari wake, hawatakutana.

Safu ziwe hizi: jina, ahadi, alicholipa, tarehe, namba ya muamala, salio. Safu ya namba ya muamala usiiruke. Ujumbe wa M-Pesa huja na namba yake yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Inakili kama ilivyo. Siku mtu atakaposema "mimi nilishatuma", hamtabishana kwa kumbukumbu. Atasoma namba iliyoko kwenye simu yake, mhazini ataitafuta kwenye jedwali, na mjadala utaishia hapo.

Sasa fedha zenyewe. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kuandika 50,000/= na mkono umezoea. Jedwali halielewi hiyo mistari ya mwisho. Likiona 50,000/= linaona maandishi, kama jina la mtu, na fomula ya =SUM(C2:C60) inayapita bila kuyahesabu wala kulalamika. Ni hivyohivyo kwa "50k", "laki moja" na "elfu 50 bado elfu 20". Jumla itatoka pungufu, na kwenye kikao watu watamtazama mhazini kwa jicho ambalo hakulistahili. Dalili iko mbele ya macho: usipogusa mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maandishi hukaa kushoto. Pitisha macho kwenye safu ya fedha kutoka juu hadi chini. Kila kilicholala kushoto hakijahesabiwa. Andika 50000 tupu, na neno "shilingi" liwekwe mara moja tu kwenye kichwa cha safu.

Namba za simu zina kisa kinyume chake. Jedwali linadhani ni hesabu, hivyo linaitupa ile sifuri ya mwanzo. Ugeuze mpangilio wa safu hiyo uwe maandishi kabla hujaanza kuingiza.

Ukitaka kupanga majina kwa alfabeti, simama kwanza. Anayechagua safu ya majina peke yake na kuipanga huhamisha majina na kuacha fedha zilipokuwa. Majina yanapendeza, A hadi Z, na kila mtu ana mchango wa mwenzake. Aliyeahidi elfu ishirini anapongezwa kwa milioni, na aliyetoa milioni anakumbushwa kwa upole amalizie elfu ishirini. Chagua jedwali zima ndipo upange. Yakishatokea, usianze kurekebisha kwa mkono. Rudisha toleo la kabla ya hapo kutoka kwenye historia.

Kuna pia hofu ya majina "kufutwa". Mjumbe anafungua jedwali asubuhi, anakuta watu 40 wamebaki tisa, anarusha ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi. Kabla ya kufika huko, angalia namba za mistari pembeni kushoto. Zikiruka kutoka 8 hadi 21, hakuna aliyefutwa. Mmoja wa wahariri ameweka kichujio ili aone wasiolipa tu, na kichujio cha kawaida huwafichia wote, si yeye peke yake. Kizime na majina yatarudi. Anayetaka kuchuja kwa macho yake tu atumie mwonekano wa kichujio, ambao Google Sheets inao kwa kazi hiyohiyo.

Safu ya salio na mstari wa jumla vifungwe, mhazini pekee aweze kuvigusa. Seli yenye fomula huonekana kama namba ya kawaida, na mtu mwenye nia njema atabonyeza juu yake, aandike jumla aliyopiga kwa kikokotoo cha simu. Kuanzia dakika hiyo jumla haitapanda tena hata mkichangiwa na mbunge.

Kumsahihisha mkubwa kwa maandishi

Tuhamie ofisini. Mkurugenzi ameandika utangulizi wa ripoti, na ndani yake mna sentensi ya mistari sita isiyo na nukta. Ofisa wa chini ameiona. Zamani alikuwa na njia mbili: kunyamaza, au kuibadilisha kimyakimya na kuomba Mungu. Zote mbili ni mbaya kwa ripoti.

Tangu 2014 Google Docs ina hali ya kupendekeza, na Word ilikuwa na ufuatiliaji wa mabadiliko muda mrefu kabla. Bonyeza kalamu iliyo juu kulia, chagua kupendekeza, kisha andika. Maneno yako yanatokea kwa rangi, ya mkurugenzi yanapigwa mstari lakini yanabaki pale, na pembeni kinatokea kijisanduku chenye jina lako. Yeye ndiye atakayekubali au kukataa. Naona hii ndiyo sehemu bora kuliko zote katika programu hizi, kwa sababu inampa mdogo nafasi ya kusema bila kumvunjia mkubwa heshima, na mkubwa anaamua akiwa peke yake, bila macho ya kikao.

Maoni nayo yana namna yake. "???" si maoni. "Rekebisha" si maoni, kwa sababu anayeambiwa hajui arekebishe nini. Maoni yaseme kilichoonekana, mahali pa kuhakikisha, na uamuzi unaotakiwa: "Mkurugenzi, naomba tuangalie idadi hii. Ripoti ya Machi, ukurasa wa 4, inasema visima 18, hapa tumeandika 21. Tuchukue ipi?" Chagua maneno yanayohusika, bonyeza Ctrl, Alt na M, andika, weka alama ya @ na anwani ya mhusika ili apate taarifa. Likishajibiwa, lifunge. Ripoti yenye maoni 60 ambayo hayajafungwa inamchosha kila anayeifungua, na ya maana yanazama humo.

Maoni yasiandikwe ndani ya matini yenyewe. Ile "MKURUGENZI AANGALIE HAPA" ya herufi kubwa nyekundu ina bahati ya ajabu: itawapita wasomaji wote wa ndani na kuonwa na mfadhili peke yake. Wala yasipelekwe WhatsApp. "Ile sentensi ya ukurasa wa tatu pale chini" ilikuwa ukurasa wa tatu ulipoiandika. Mwenzako akiongeza picha mbili huko juu, imeshakuwa ukurasa wa tano, na hakuna anayejua unazungumzia nini.

Na ukiona kishale chenye jina la mwenzako kinatembea kwenye aya, mwache amalize. Usimsahihishie tahajia ya neno ambalo bado analiandika.

Bando likiisha

Kila kitu kilichosemwa hapo juu kinategemea mtandao, nao kwetu una siku zake. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hata bila mkasa wa aina hiyo kuna umeme, na kuna bando linaloisha katikati ya sentensi.

Kujiandaa kunafanyika mtandao ukiwepo. Kwenye kompyuta, washa matumizi ya nje ya mtandao ndani ya Chrome au Edge. Kwenye simu, pakua Docs na Sheets zenyewe, kisha uliwekee faili unalolihitaji alama ya kupatikana bila mtandao. Utaandika ukiwa kwenye basi la kwenda Mbeya na maandishi yataungana na ya wengine ukifika penye mawimbi. Ukijua utakaa muda mrefu bila mtandao, andika sehemu yako mwishoni mwa waraka, mahali ambapo wenzako hawapo. Mashine itaunganisha maneno yenu hata mkigusana, lakini aya iliyoandikwa na watu wawili wasioonana husomeka vibaya.

Historia, na siku ya vunja kamati

Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja hufungua historia ya matoleo: nani alibadilisha, siku gani, saa ngapi, kwa rangi yake. Kwa seli moja ya jedwali, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uombe historia ya seli hiyo. Kabla ya kila kikao lipe toleo jina, "Kabla ya kikao cha pili", ili kulirudia kusiwe kazi ya kubahatisha. Ukikuta kosa, rudisha kwanza, kisha mpigie mhusika pembeni. Picha ya historia yenye jina la mtu na rangi yake haina sababu ya kutumwa kwenye kundi lenye wakwe. Faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la Google Drive siku 30 kabla halijaondoka moja kwa moja, hivyo anayekwambia "limepotea" muulize amelitafuta huko.

Harusi ikishapita, kabla hamjaenda kwenye vunja kamati, mhazini akae na jedwali mara moja ya mwisho. Awageuze wote kuwa watazamaji na afunge linki. Aondoe safu ya namba za simu. Apakue nakala ya PDF na kuwatumia wazazi wa pande zote mbili, jumla na matumizi yote yakionekana. Kisha afanye nakala ya jedwali, afute majina na fedha, aache safu na fomula zake, kwa sababu mdogo wake bwana harusi ameshaanza kuulizia ukumbi wa Desemba.